Kiyoyozi cha Kinyozi

6 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, saluni nayo nzima, ila kiyoyozi kinaumwa.

Unakikumbuka, kile cha dirishani nilichokichukua ile ofisi ya bima ilipohama. Tulikibeba watu wanne, na mmoja wetu mpaka leo akipita hapa mbele anashika kiuno ili nimwone. Miaka yote hiyo kimefanya kazi bila kulalamika. Sasa kinapuliza hewa ya joto tu, kama mtu anayepoza chai ya mwenzake. Wateja wanatota jasho chini ya kitambaa, nywele zinawagandia shingoni. Juzi mmoja aliinuka kichwa kikiwa nusu, akasema anatoka kidogo kupunga upepo. Ile nusu nyingine hajairudisha mpaka leo.

Fundi redio wa hapa mtaani yupo, lakini dawa yake kwa kila kitu ni kofi. Nikasema, nina mtoto anayetengeneza majokofu na viyoyozi vya watu huko mbali, ya nini nihangaike? Niambie nianzie wapi.

Uniandikie, usipige simu. Simu ya saluni inakoroma siku hizi, na hizi za mkononi maandishi yake ni madogo kama chawa. Barua mpe dereva wa basi la asubuhi. Ananijua, kichwa chake ni kazi ya mikono yangu.

Msalimie sana mwenzio. Mwambie namsubiri, na zile ndevu zake nitazitengeneza mwenyewe siku hiyo.

Baba yako


9 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua nimeipata.

Kwanza zima swichi ya ukutani, chomoa plagi, uitazame miguu yake. Kama kuna mguu umebadilika rangi au plastiki imelainika, usiirudishe. Na kama umeunganisha kwa waya mrefu wa kuazimia umeme kutoka upande wa pili, uondoe. Mashine kama ile inataka soketi yake peke yake.

Plagi ikiwa nzima, washa feni tu. Ikizunguka, geuza kitufe cha baridi mpaka mwisho, simama karibu, usikilize. Ndani kuna kompresa, ndiyo inayotengeneza ubaridi. Nataka jibu moja tu: inanguruma kidogo halafu inakata kwa mlio kama wa mkasi unaofungwa, au iko kimya kabisa? Hayo ni maradhi mawili tofauti. Ikinguruma, umeme unafika ila yenyewe inashindwa kuamka. Ikiwa kimya, umeme haufiki.

Usifungue kifuniko.

Huyo unayesema nimsalimie, sijui kama unanitania au vipi. Tuongee habari ya kiyoyozi.

Binti yako


13 Februari

Mwanangu,

Nimefanya kama ulivyosema. Plagi ni nzima. Mguu mmoja ulikuwa wa kahawia kidogo, kama jino la mvuta sigara, nikaupiga msasa ukang'aa.

Nikawasha feni, inazunguka. Nikageuza kitufe mpaka mwisho, nikasimama nimelaza sikio karibu na bati kabisa. Kimya. Hakuna kunguruma, hakuna mkasi. Hata feni yenyewe siku hizi imetulia. Zamani ilikuwa na makelele mtu hawezi kusoma gazeti, sasa nadhani uzee umeitia adabu.

Hapa kuna joto na watu wamekuwa wakali. Jirani yangu Mama Pindo, yule mshonaji wa mlango wa pili, ananigongea ukuta siku nzima, rafu ya mafuta inatikisika. Nikienda kumwuliza kulikoni, anang'ung'unia ndani ya mdomo kwenye pini zake. Watu wa siku hizi hawatamki maneno. Wote wanasema kama wamejaza pamba mdomoni.

Mbona barua yako kavu hivyo? Kuna ubaya? Ile habari yako niliipokea kwa moyo wote, na nilikupongeza papo hapo kwenye simu.

Baba yako


17 Februari

Baba,

Shikamoo.

Kama ni kimya, basi umeme haufiki kwenye kompresa. Kwa mashine za umri ule, wa kwanza kushukiwa ni themostati, kile kifaa kinachopima joto la chumba na kuamua kompresa iwake au ipumzike. Nimeitoa moja kwenye mashine iliyokufa hapa karakana, nimeipima, ni nzima. Iko kwenye kifurushi alichokupa dereva. Fundi redio anaweza kuifunga. Mwambie makofi hayahitajiki.

Kupiga msasa mguu wa plagi si tiba, Baba. Ile kahawia ni ya kuungua. Plagi imelegea ndani ya soketi, inapata moto. Badilisha zote mbili, plagi na soketi, kabla ya kitu kingine chochote. Tafadhali.

Ndiyo, ulinipongeza. Nilikusikia vizuri. Sijakasirika, nina kazi nyingi tu.

Binti yako


24 Februari

Mwanangu,

Themostati imefungwa. Fundi redio alijitahidi, alipiga kofi moja tu, tena la kuagia. Hewa bado ya joto na kompresa bado kimya. Soketi nitaibadilisha, usijali, nasubiri nipate siku isiyo na wateja wengi.

Sasa kuna jipya. Nikiacha kitufe kwenye baridi, baada ya muda ile swichi kuu ya ukutani inajiangusha, saluni nzima giza, mashine ya kunyolea inaniishia kichwani mwa mtu. Naipandisha, tunakwenda kidogo, inaanguka tena.

Ulisema nisifungue kifuniko. Nimefungua. Mimi ni mtu mzima na bisibisi ninayo. Ndani kuna vumbi na nywele za kujaza mto. Pembeni kuna kopo la fedha, dogo kama la mafuta ya nywele, limetoka waya juu, na kichwa chake kimevimba. Nililisukuma kwa kidole likatikisika. Hilo nalo ni la nini?

Baba yako


26 Februari

Baba,

Barua hii nimemwambia dereva akupe mkononi akifika tu, asingoje kunyolewa kwanza.

USIGUSE HILO KOPO. Linaitwa kapasita. Linahifadhi umeme ndani yake hata ukiwa umechomoa plagi, na linaweza kukurusha mpaka kwenye kioo. Rudisha kifuniko na usiwashe tena kiyoyozi, hata feni, mpaka niseme.

Kichwa kuvimba maana yake limekufa. Kazi yake ni kuisukuma kompresa ianze kuzunguka. Likifa, kompresa inakwama, inavuta umeme mwingi bila kuzunguka, inapata moto, inajikata, inajaribu tena. Hapo ndipo swichi kuu inapoanguka. Yote yanaelekeana, isipokuwa moja. Kompresa iliyokwama haikai kimya. Inanguruma, mtu aliye nje barabarani anaisikia. Wewe umelaza sikio kwenye bati, unaniambia kimya.

Nimekaa na barua zako nazisoma upya na sielewi. Una uhakika, Baba?

Nimemwandikia na Mama Pindo, nimwulize anachosikia yeye kupitia ukutani. Usichukie.

Binti yako


28 Februari

Kwa Fundi, binti wa kinyozi,

Mimi si mtu wa barua. Naandika kwenye karatasi ya kukatia vitambaa, hiyo mistari usiijali, ni mkono wa gauni.

Umeniuliza nasikia nini. Mwanangu, nasikia nini! Ile mashine inanguruma mmmm mpaka pini zinacheza mezani kwangu, halafu ta! inakata. Inakaa kidogo, mmmm tena, ta! Kutwa nzima. Na ile feni inakwaruza kama mtu anakokota bati barabarani. Kwa nini nagonga ukuta? Namwomba azime.

Kuna jingine ambalo najua hatakuandikia. Barua yako ya haraka alipewa jana asubuhi. Haya yalitokea juzi, ilikuwa bado njiani. Mchana nilikuwa nashona, nikasikia kama mtu anakaanga kitu ukutani. Chwaa, chwaa. Halafu harufu ya plastiki. Nikatoka mbio. Baba yako amesimama katikati ya saluni, mteja kitini ana povu mashavuni, na nyuma yao soketi inatema cheche. Mteja anaiona kwenye kioo, ananyoosha kidole. Baba yako anadhani anaomba apunguziwe huku pembeni.

Nikapiga kelele, "Zima! Zima umeme!"

Akageuka, uso wote tabasamu. "Karibu, jirani! Leo si kuna nafuu kidogo?"

Nikampiga kikumbo, nikaangusha swichi kuu. Mteja alishaondoka na kitambaa changu nilichomshonea baba yako mwaka jana, na povu lake. Ukuta umeungua mpaka karibu na pazia. Baba yako hana hata jeraha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, akautazama ule ukuta muda mrefu, kisha akaniambia, "Kumbe ulikuwa unasema na mimi."

Nadhani umeshaelewa. Baba yako hasikii. Si jana wala juzi. Mtaa mzima tunajua, hakuna aliyethubutu kumwambia, kwa maana unamjua alivyo. Wateja wamezoea kumwonyesha kwa vidole. Asiyezoea ndiye anayeumia. Kuna mmoja alimwambia, "Ndevu usiziguse," akatoka na kidevu kama cha mtoto mchanga, na baba yako anampa mkono anamwambia asante.

Usimgombeze. Lakini njoo.

Mama Pindo


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mama Pindo ameniandikia. Usimlaumu, nilimwuliza mimi.

Kwa hiyo simu haikoromi. Na feni haijapata adabu.

Nimeanza barua hii mara nyingi nikaichana. Nilitaka kukugombeza kuhusu ile soketi. Halafu nikakumbuka jambo, na sasa hilo ndilo nataka kulisema, maana limekaa kati yetu na wewe hata hulijui.

Mwisho wa mwaka nilikupigia simu. Nilikuwa nimekaa kwenye ngazi za karakana, wenzangu wamekwenda kula. Nilikuambia kwamba mimi na mchumba wangu tumeachana, kwamba amepata mtu mwingine na amehama kwenye mji huu. Nilikuwa nalia. Wewe ukasema, "Vizuri sana, mwanangu! Nimefurahi kupita kiasi. Mungu awabariki."

Nilikata simu. Nilisema moyoni, Baba hakumpenda tangu mwanzo, lakini hata kama. Ndiyo maana barua zangu zilikuwa kavu. Uliponiambia nimsalimie mwenzangu niliona unanicheka. Nilikuwa nakufundisha plagi na themostati huku nimekununia, na wewe ulikuwa unanijibu kwa upendo tu, sikuuona.

Basi nakwambia upya, kwa maandishi, kwa herufi kubwa: TUMEACHANA. Siumii kama wakati ule, ila bado naumia.

Nakuja Jumamosi. Nina kapasita mpya, plagi na soketi. Jumatatu yake twende wote kwa daktari wa masikio, nimeshaomba nafasi. Hapo sikuombi, Baba, nakuambia.

Binti yako


5 Machi

Mwanangu,

Nimesoma barua yako, nikafunga saluni, nikaisoma tena.

Siku ile nilisikia "mchumba," na nilisikia "mwaka huu," basi. Kelele zako za kulia nilidhani ni kucheka. Nilidhani mmepanga siku ya harusi. Ndivyo ninavyoishi siku hizi, nikupe ukweli. Nadaka maneno mawili, mengine najaza mwenyewe. Mara nyingi napatia, maana kwenye kiti cha kinyozi watu husema yale yale, mvua, mpira, bei za vitu, wakwe. Mengine yote najibu, "Hiyo ndiyo dunia." Linaingia popote. Lakini yako sikuipatia, na ndiyo niliyotakiwa kuipatia kuliko zote.

Mtoto wangu analia, mimi nampongeza. Pole, mama. Pole sana. Yule kijana hana akili, na zile ndevu zake hakuna kinyozi angeziweza.

Usidhani sikujijua. Nilijua siku nilipoishika mashine ya kunyolea nikalazimika kuigusa kwa kidole ili nihakikishe inafanya kazi. Nikasema, nikinyamaza hawatagundua. Mtu haji kwa kinyozi kwa ajili ya nywele tu. Anakuja aongee. Wakijua sisikii, nani atakaa kwenye kile kiti? Nikifunga saluni, asubuhi nitaamka niende wapi? Hilo ndilo lililonitia woga, ile soketi hata sikuifikiria.

Njoo. Huyo daktari wako tutaonana naye.

Mtaa mzima nilishawaambia kuna harusi. Mama Pindo ameshanunua kitambaa. Hilo tutalitazama ukifika.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, na kazini wamenikuta na nywele fupi, wanauliza nimenyolewa na nani. Nimewaambia siwapi jina, mtamsumbua.

Nimefurahi tulifanya kazi ile pamoja, wewe umeshika tochi mimi nimeshika bisibisi. Nilipoifunga kapasita mpya na kompresa ikaamka, uliweka kiganja kwenye bati ukasema, "Inapumua." Nilitaka nikwambie kitu pale, nikashindwa, nikajifanya natafuta skrubu. Nilitaka kusema nilikuwa nimekukumbuka sana.

Masharti machache. Vumbi na nywele zitoe kwenye kichujio kila wiki. Swichi kuu ikianguka tena, usiipandishe kwa ukaidi, tafuta sababu. Na kile kifaa cha sikioni daktari alisema kivae kutwa, hata kama mwanzoni kinachosha. Usikiweke kwenye droo na nyembe.

Mama Pindo ameniambia kile kitambaa atanishonea gauni la kawaida. Hakusema neno jingine. Mshukuru.

Binti yako


21 Aprili

Mwanangu,

Nikuambie kwanza habari ya kelele. Sikujua dunia ina kelele hivi. Mkasi, viatu, maji kwenye beseni, hata kalamu hii inavyokwaruza karatasi. Kiyoyozi kinapoza vizuri, wateja wanaomba nipunguze, lakini kumbe miaka yote hii nilikuwa nimeweka trekta dirishani. Nilikwenda kwa Mama Pindo kumwomba radhi. Alikuwa na pini mdomoni, akaniambia, "Umechelewa," na nilimsikia vizuri, kila herufi.

Wateja hawakunikimbia. Wanainama kukitazama kifaa nyuma ya sikio, wanauliza kama kinashika stesheni za mpira.

Ila kuna jambo limetokea, nataka kukuambia wewe na si mwingine.

Nina mteja mmoja, msimamizi wa ghala la mbao, mtu mzima, mpole. Anakuja kila Ijumaa hata kama hana nywele za kunyoa. Anakaa, anafumba macho, anaongea tangu mwanzo mpaka namaliza. Mimi namjibu lile langu, "Hiyo ndiyo dunia." Nilidhani ni habari za mbao.

Ijumaa ya kwanza nikiwa na kifaa, akakaa kama kawaida, akaanza. Anasema mkewe hamtambui tena. Anamwita kwa jina la kaka yake aliyekufa. Asubuhi anamwuliza kwa adabu, kama mgeni, "Wewe utaondoka saa ngapi?" Na yeye anamjibu, "Bado kidogo," anatoka anasimama uani.

Nikaacha wembe hewani. Nikamwambia, "Ndugu yangu, pole. Hali hii ilimwanza lini?"

Akafumbua macho. Akanitazama kwenye kioo, akakiona kifaa.

"Unasikia?"

"Nasikia. Nimetengenezwa."

Kiyoyozi peke yake kilikuwa kinaongea. Kisha akasema, "Mwaka mzima nimekueleza haya. Nyumbani siwezi, watoto wanalia. Kazini siwezi, watanionea huruma. Nilijua husikii. Ndiyo sababu nilikuwa nakuja kwako."

Akaanza kufungua kitambaa shingoni, na nusu ya kidevu ina povu. Niliona kama nimekamatwa nachungulia dirisha la mtu. Nilimshika bega nikamrudisha kitini. Nikakitoa kifaa sikioni, nikakiweka mezani mbele yake, kando ya chanuo, ili akione. Nikamwambia, "Endelea."

Alikitazama kitambo. Halafu nikaona mdomo wake kwenye kioo umeanza kutembea, polepole, kisha ukachanganya. Nikageukia povu langu, nisije nikasoma midomo. Nilimnyoa taratibu kuliko nilivyowahi kumnyoa mtu. Sijui alisema nini. Alipomaliza alijifuta uso wote, macho nayo, akanipa mkono, akaenda zake.

Sasa kila Ijumaa akikaa tu, nakitoa. Siku akitaka nisikie, ataniambia.

Baba yako